Pesa ya kulala: namna ya kupima hatari kabla hujaenda Kongo

Asante mwenyekiti, asanteni wazee wangu, mama zangu, vijana wa boda mliosimama kule mlangoni, karibuni ndani viti vipo. Nimepewa dakika arobaini na nimeandika mambo saba kwenye hiki kikaratasi, ila wanaonijua hapa Mbeya wanajua sijawahi kufika la saba, kwa hiyo mwenye hamu na la saba anifuate nje kwenye chai.

Kuna swali naulizwa kila wiki, kwa simu, kwa WhatsApp, juzi nimeulizwa msibani tukiwa tunasubiri mwili. "Kaka, eti Kongo saivi kuko salama?" Na mie siku hizi sijibu, nauliza, Kongo ipi? Mtu ananuna, anaona namfanyia maringo. Lakini hebu tazameni, dereva wa lori wa hapa kwetu akisema naenda Kongo anamaanisha Lubumbashi au Kolwezi, basi. Mtu wa Kigoma akisema Kongo anamaanisha ng'ambo ya ziwa, Kalemie, Uvira huko. Mtangazaji wa redio akisema Kongo anamaanisha Goma. Na mpenda muziki akisema Kongo anamaanisha Kinshasa. Wote wanne wako sahihi na wote wanne wanaongelea sehemu ambazo hata barabara moja ya maana ya kuziunganisha hakuna.

Ile nchi ina kilomita za mraba milioni 2 na laki 3 na zaidi, yaani Tanzania mara mbili na nusu. Mikoa yao, wao wanaita majimbo, ni 26. Saa zenyewe ziko mbili, Kinshasa wakiwa saa nne asubuhi Lubumbashi ni saa tano. Kutoka Goma mpaka Lubumbashi, ndege ikinyoosha tu, ni zaidi ya kilomita 1,000, hiyo ni kama Dar na Kampala. Sasa mtu ananiambia, kaka nimeahirisha safari ya Lubumbashi kwa sababu nimesikia Goma imechukuliwa na waasi wa M23. Ni kweli imechukuliwa, Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Lakini huyo ni sawa na mtu aliyeghairi kuja Kariakoo kwa sababu Kampala kuna maandamano. Na kinyume chake ndo kibaya zaidi, yule anayesema mie nilienda Kongo mwaka jana hakuna kitu, watu wanaongeza chumvi tu. Ulienda wapi? Lubumbashi. Sasa unampa moyo mtu anayepeleka mahindi Minova, kule Ziwa Kivu upande wa Goma, kwa habari za Lubumbashi!

Kwa hiyo la kwanza, na kama mtasahau yote mkabaki na hili nitashukuru, safari haipimwi nzima. Safari inakatwa vipande. Kila kipande unakiuliza maswali yake, nani yuko njiani, saa ngapi nitapita, nakaa kwenye chombo gani, na nikikwama hapo nalala wapi. Hilo la mwisho ndilo nitakaloling'ang'ania leo mpaka mnichoke.

Ngoja niwape kisa, kuna wanaokijua, mnivumilie.

Mwaka 2013 nilikuwa na mzigo wa watu Lubumbashi, kampuni moja sitaitaja, ilinituma nikafuatilie malipo. Nikajiandaa bana. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu waasi. Dola nimezishona kwenye mkanda, nyingine kwenye soksi, simu mbili, moja ya kuibiwa moja ya kubaki nayo, nimeaga nyumbani kama naenda vitani. Kwenye basi la kutoka Dar nikakaa na mzee mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara wa vitenge, yeye hana hata mkanda wa maana, ana kikapu, ana thermos, ana shuka. Nikamwonea huruma kwa kweli. Nikasema huyu mzee atafia njiani.

Tukafika Tunduma asubuhi. Mie njaa, nikaagiza chipsi kuku, zikachelewa, nikakaa nazisubiri, nikabadilisha hela, nikabishana na wa kubadilisha hela, masaa manne yakaisha hivo hivo. Mzee alishavuka zamani. Nilipovuka Nakonde basi la kwanza limeondoka, nikapanda la pili. Halafu nikafurahi, kwa sababu Zambia saa inarudi nyuma, nikajiambia nimepata saa moja ya bure! Jua ndugu zangu halijui kwamba umerudisha saa nyuma. Jua linazama pale pale.

Basi, safari ya usiku kucha, tukapata pancha Mpika, tukasukumana mpaka Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, mpaka nafika Chililabombwe mchana umeshaisha. Pale stendi namkuta nani? Mzee wangu na kikapu chake, kanawa, kavaa kanzu safi, anakunywa chai. Ananiambia, "Mwanangu mie nalala hapa." Nikamuuliza mzee si kilomita kama kumi na tano tu kufika Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, na kutoka mpakani mpaka mjini Lubumbashi ni kama kilomita tisini? Akasema ndiyo, najua, nalala. Nikamwambia mie nina miadi asubuhi. Akasema Mungu akutangulie.

Kasumbalesa pale nikakuta foleni, nikasimamishwa kwenye dawati la afya maana kadi yangu ya homa ya manjano nilikuwa nimeiweka chini kabisa ya begi, na begi liko chini ya mabegi ya watu. Kuja kutoka upande wa pili, giza totoro. Nikapata teksi, tuko watu wanne. Katikati ya njia tukasimamishwa na wanaume wamevaa sare. Sare za nani, mpaka leo sijui. Mkanda ule walifungua kama vile wao ndo walioushona. Soksi wakavua. Simu zote mbili, ya kuibiwa na ya kubaki nayo. (Kicheko.) Chekeni tu, siku ile sikucheka. Viatu pia wakachukua, vilikuwa vipya. Hawakunipiga, nashukuru, mwenzangu mmoja alipigwa kitako cha bunduki kwa sababu alijibu.

Asubuhi niko gesti Lubumbashi, nimekaa mlangoni na kandambili za mwenye gesti, saa nne hivi teksi inaingia, anashuka mzee na kikapu. Ananitazama miguuni. Anasema, "Umelala vizuri mwanangu?"

Nikaja kumuuliza baadaye, mzee wewe ulijuaje? Akasema mie sijui chochote, mie kila safari natenga pesa ya kulala. Nikitoka Dar nina pesa ya mzigo, pesa ya nauli, pesa ya kula, na pesa ya kulala sehemu ambayo sikupanga. Nikirudi nayo nanunulia wajukuu pipi. Lakini ikifika saa kumi jioni kabla ya kipande kibaya, sifikirii, naitoa, nalala.

Hiyo ndo elimu yote ya kupima hatari. Wataalamu wana jedwali zao, uwezekano kuzidisha madhara, wanapaka rangi nyekundu na kijani, sizidharau, nimezitumia kazini miaka mingi. Ila jedwali halina safu ya chipsi kuku. Mie niliporwa karibu na Lubumbashi lakini kosa nililifanya Tunduma, siku moja na nusu kabla, nikiwa kwetu, chini ya bendera yangu. Hatari ya kipande kimoja inaletwa na uchelewaji wa kipande kingine. Na aliyekuwa na pesa ya kulala alikuwa na uhuru wa kusema hapana. Mie miadi ilikuwa inanisukuma, na mtu anayesukumwa hapimi kitu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, ajali haina kinga. Nimeona mtu pale anatikisa kichwa, wewe kaka wa shati la bluu. Maneno hayo ningekuwa na uwezo ningeyafutia leseni. Tumeyaandika hata nyuma ya mabasi! Yaani unapanda chombo chenyewe kimeshakwambia. Mlima Kitonga mnaujua, na hapa kwetu Mlima Nyoka mnaujua, mmezika watu. Lori limeharibika breki huko juu, dereva anajua zimeharibika, tajiri anajua, linashuka linakomba daladala, halafu kwenye mazishi tunasimama tunasema ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Mungu gani aliyekataza kubadilisha breki? Waliotuachia tahadhari kabla ya hatari ni wazee hao hao, mbona hiyo hatuiandiki kwenye basi.

Na nasema hivyo kwa sababu watu wa njia hii wakiulizwa wanaogopa nini Kongo wanasema waasi, waasi. Nimetoa mizigo njia hii miaka mingi, na waliokufa ambao mie binafsi niliwajua, karibu wote walikufa kwa barabara, wengi hata mpaka hawajauvuka. Risasi inatisha kwa sababu inatangazwa. Sisemi waasi hawapo, Septemba 2016 malori yenye madereva Watanzania yalitekwa Kivu Kusini, mengine yakachomwa, tukashukuru madereva walikuja kutoka wakiwa hai. Nasema pima kwa idadi ya mara unazojiweka mbele ya hatari. Barabara uko nayo kila saa.

Sawa, la pili. Taarifa ya usalama ina tarehe ya kuisha kama maziwa. Februari 22, 2021, balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa kaskazini ya Goma kwenye barabara ya Rutshuru, yeye na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva wao Mkongo, Mustapha Milambo. Walikuwa kwenye msafara wa Shirika la Chakula Duniani, watu wenye ofisi za usalama, redio, ramani, kila kitu. Na shirika lenyewe lilisema siku hiyo hiyo kwamba barabara ile ilikuwa imeshapitishwa kuwa inaweza kutumika bila kusindikizwa na walinzi. Imepitishwa lini? Kwa msafara wa nani? Hayo ndo maswali. Sasa kama wao, na vyombo vyote vile, wewe unaniambia shemeji yako alipita Jumanne. Shemeji yako alipita Jumanne na leo Ijumaa. Piga simu asubuhi ya siku unayoondoka, na usimpige bosi wa ofisini, mpigie dereva aliyelala jana kule mbele unakoenda. Madereva hawana sababu ya kukuuzia safari.

Hapa mtaniuliza, na zile tahadhari za balozi za wazungu? Wamarekani wana ngazi 1 mpaka 4, Waingereza wana ramani za rangi. Someni, ni bure, zinasaidia sana kwa vipande maana zinataja majimbo moja moja. Lakini kumbukeni zimeandikwa kwa ajili ya watu wao. Mhandisi wa mgodi anayepokelewa uwanja wa ndege na Land Cruiser hana hatari yako wewe wa Hiace, na wewe huna yake, wewe hakuna atakayekuteka adai mamilioni ya dola. (Kicheko.) Samahani lakini ni kweli, hata mie. Halafu tusijione, hata sisi huwa tunaandikwa humo, Oktoba 29, 2025 hapa kwetu intaneti ilizimwa na Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, mgeni aliyekuwa amekuja kufuata bidhaa Kariakoo siku hiyo alikuwa na maswali yale yale ninayowapa leo. Sitaki kuingia zaidi hapo, tuendelee.

La tatu, hatari ukiifungia mlango inapitia dirishani. Oktoba 2024 boti ilizama Ziwa Kivu ikiwa inakaribia kutia nanga Kituku, Goma, watu gatini wanaiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Ilitoka Minova. Kwa nini watu wale walikuwa kwenye boti iliyojaa namna ile? Kwa sababu vita ilikuwa imeziba barabara. Kila mmoja pale alikuwa amefanya jambo la akili, kukwepa risasi, na wafanyabiashara wote wakakimbilia chombo kimoja. Kwa hiyo ukiambiwa njia fulani imefungwa, pita njia nyingine, usishukuru haraka, uliza hiyo njia nyingine leo imebeba watu wangapi. Hata ziwa letu Tanganyika, Desemba 2014 MV Mutambala ilizama maeneo ya Kalemie, watu zaidi ya mia moja. Boti imejaa, shuka. Giza limeingia, shuka. Maboya hayaonekani, shuka. Nauli imeshalipwa? Ndo maana nasema pesa ya kulala!

Na ndege vilevile maana kuna wenye uwezo humu, mashirika ya ndege yaliyosajiliwa Kongo yote yako kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya waliozuiwa kuruka kwao. Sisemi usipande, huko ndani sehemu nyingine huna njia zaidi ya ndege, nasema ukipata uchaguzi wa shirika la nchi nyingine lifikiriwe kwanza hata kama ni ghali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika ngapi? Kumi? Mwenyekiti kumi hazitoshi lakini haya.

La nne harakaharaka, wewe ni nani. Lubumbashi na mashariki yote Kiswahili ni chakula, utasikia feza badala ya pesa, mtacheka mtaelewana. Kinshasa ni Kilingala na Kifaransa, na kipindi cha joto la vita Kiswahili chako na sura yako vinaweza kukufanya ukahisiwa ni mtu wa upande mwingine, hasa kama mrefu na mwembamba, nisieleze zaidi. Januari 28, 2025, kwa hasira za Goma kuchukuliwa, waandamanaji Kinshasa walivamia balozi kadhaa, ya Rwanda, ya Ufaransa, na ya Kenya na Uganda pia. Mkenya aliyeamka siku ile kwenda sokoni hakuwa amemkosea mtu. Mwaka uliopita ulikuwa mtanzania tu, leo wanakuona jirani wa nani?

Atasema mtu, sasa wewe unatugombanisha na ndugu zetu. Hapana bana. Mie nina watoto wa dada wamezaliwa Lubumbashi. Ndugu ndo wanaambiana ukweli, Mkongo mwenyewe wa Lubumbashi akienda Kinshasa anaambiwa na mama yake usipande teksi ya mtaani yenye abiria tayari usiku. Polisi feki wa ndani ya teksi wanawaibia Wakongo kabla ya kukuibia wewe. Na vijana wa mapanga wanaoitwa kuluna wanawatesa wao kila siku, wewe ni mpita njia tu.

La tano afya, na hili ningelipa nusu saa nzima, nimeliharibu mwenyewe. Malaria kwanza, Ebola baadaye. Mtu anaogopa Ebola, iliyokuwa Kasai 2025, yeye anaenda Kolwezi, halafu halali ndani ya neti! Kadi ya homa ya manjano mfukoni, si chini ya begi, nimeshawaambia iliyonikuta. Dawa zako za presha na sukari beba za siku kumi zaidi ya safari. Bima someni yale maandishi madogo, nyingi zina kipengele kwamba sehemu ambayo serikali imekataza watu kwenda hazilipi, na kipengele cha kukusafirisha mpaka hospitali kubwa, uliza kipo au hakipo, jibu lije kwa maandishi.

La sita mawasiliano, intaneti usiitegemee, uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoisha waliizima nchi nzima kama wiki tatu. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi. Muachie mtu mmoja nyumbani ratiba ya vipande vyako na mkubaliane, nisipopiga mpaka saa mbili usiku unampigia fulani, ukikosa unampigia fulani. Mtu mmoja, si grupu, kwenye grupu kila mtu anadhani mwenzake kapiga. Na picha, usipige picha daraja, mpaka, uwanja wa ndege, askari, hata kama jua linazama vizuri namna gani.

La saba ni... basi, kwenye chai.

Haya kuna mkono. Mama pale.

Mama anauliza, dola zake zipo za kuchanika kidogo pembeni, kule atazitumia? Hapana mama, hapo umenikumbusha, kule noti ikiwa na mchaniko hata wa punje hawapokei, na zile za zamani zenye kichwa kidogo ndo usipeleke kabisa. Wataigeuza, wataiweka juani, watakurudishia. Badilisha hapa kabla hujaondoka, dai mpya, na ndogo ndogo ziwepo, usitoe mia kununua maji.

Kaka wa shati la bluu nawe una swali? Unauliza hiyo pesa ya kulala iwe shilingi ngapi. Gesti ya usiku mmoja, chakula cha jioni na asubuhi, na teksi ya kukutoa stendi mpaka gesti na kukurudisha, zidisha mara mbili. Hapo piga bei za Chililabombwe siku unayoondoka, usiulize bei zangu za 2013. Na iweke mbali na mkanda.